Saa za mfukoni za reli ya Marekani: uanze na ipi?

Picha ya garimoshi iliyochorwa mgongoni mwa saa haithibitishi chochote. Hata saa za bei ya chee zilichorwa hivyo ili mnunuzi aamini ni za reli. Fungua kifuniko cha nyuma uangalie mashine, kwa sababu jina, namba na mara nyingi idadi ya vito (vijiwe vigumu vinavyobeba mihimili ya magurudumu) huandikwa humo.

Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, saa isiyokwenda sawa ikalaumiwa, na baada ya hapo Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, akapewa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli. Masharti yaliyokuja kuenea yalikuwa makali: uso wazi usio na kifuniko, ukubwa wa 16 au 18 kwa kipimo cha saa cha Kimarekani (si milimita), vito visivyopungua 17, mashine iliyorekebishwa iende sawa katika mikao mitano, ikilazwa au ikisimamishwa, na isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Tena mishale haisogezwi kwa kuvuta kichwa cha kutilia ufunguo. Unafungua fremu ya kioo, unavuta kijiti kidogo pembeni mwa uso, ndipo unazungusha. Wanunuzi wengi wageni hudhani saa imeharibika, wakakivuta kichwa hadi kikavunjika.

Namba moja kwangu ni Hamilton 992B, na sina haja ya kusita. Ilitengenezwa Lancaster, Pennsylvania, kuanzia 1940 hadi 1969, ina vito 21, na springi yake nyembamba ni ya Elinvar, madini yasiyoyumbishwa sana na joto wala sumaku. Zipo nyingi, kwa hiyo vipuri havisumbui. Iliyohudumiwa vizuri huuzwa dola mia kadhaa. Sura yake ni ya kikazi tu. Anayetaka urembo asogee chini.

Ya pili, Illinois Bunn Special. Hii ndiyo ya kufungua na kuikodolea macho: kazi ya Springfield, mapambo ya mashine yake Hamilton haiyafikii. Baadhi hutembea saa 60 kwa kutiwa ufunguo mara moja. Kiwanda kilinunuliwa na Hamilton mwishoni mwa miaka ya 1920, hivyo vipuri utavitafuta.

Ya tatu ni Hamilton 992 ya zamani, iliyoanza 1903. Zile za mwanzo huhofia sumaku, basi usiilaze karibu na spika.

Nne nazigawia Waltham Vanguard na Elgin B.W. Raymond, hasa kwa mwenye bajeti ndogo. Ila huyo Raymond, meya wa zamani wa Chicago na rais wa kwanza wa kampuni, jina lake lilianza kuandikwa kwenye saa mwaka 1867, kabla ya masharti hayo. Jina peke yake halitoshi, hesabu vito.

Mwisho naweka saa zenye jina la Ball. Si mbaya hata kidogo, lakini Ball hakuwa na kiwanda: mashine zilitoka Waltham, Hamilton na kwingineko. Unalipia jina.

Kabla ya kutoa hela, tazama ukingo wa kasha kwa ndani. Makasha yaliuzwa mbali na mashine, na mengi yamebadilishwa. Alama za skrubu zisizolingana na skrubu zilizopo zinakwambia hivyo. Nyufa nyembamba usoni hupunguza bei, hazipunguzi mwendo. Hatari kubwa ni mhimili wa gurudumu linalochezacheza, unaovunjika saa ikianguka. Na muuzaji akisema “inatembea”, muulize ilifunguliwa na kutiwa mafuta lini. Mafuta yakikauka, kila siku inayotembea inajisaga.

Kama itakufikia Dar es Salaam au Nairobi, mtafute fundi kwanza, saa baadaye. Wengi siku hizi wanabadilisha betri na mikanda. Wewe unamtaka mzee aliyezoea saa za ufunguo, na umpigie hesabu ya huduma yake ndani ya bei ya kununulia.