Mto wa U wa 85,000 na mto wa sufi wa Mbuyuni: nilivyolala miezi mitatu ya mwisho hapa Moshi

Katika ujauzito huu nimelalia mito miwili. Wa kwanza niliuagiza Dar es Salaam kwa shilingi 85,000, ule mkubwa wenye umbo la herufi U ambao kila mama kijacho ameshauona kwenye simu yake. Wa pili nilishonewa na fundi cherehani wa barazani, karibu na Soko la Mbuyuni, ukanigharimu 34,000 pamoja na sufi yenyewe. Leo niko wiki ya 37, na nyuma ya mgongo wangu uko wa Mbuyuni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Siku nzima nimesimama, na jioni nyonga zinauma kiasi kwamba kupanda kitandani ni shughuli. Huu ni uzazi wangu wa pili, na kilichonifanya nihangaikie mto ni yale niliyopitia kwenye uzazi wa kwanza. Wakati ule niliambiwa na wanawake wengi, wote wakinitakia mema, kwamba mjamzito alalie kushoto tu. Akilalia kulia mtoto anakosa hewa. Nikashika hilo kama sheria. Usiku kucha ubavu mmoja, mkono unaingia ganzi, nyonga ya kushoto inauma kama ina kidonda. Nikishtuka saa tisa usiku na kujikuta nimegeukia kulia, nilikuwa naweka mkono tumboni nasubiri mtoto acheze, machozi yananitoka, mpaka nisikie teke. Hakuna mama anayestahili kulala hivyo miezi mitatu.

Safari hii, nilipokwenda kliniki wiki ya 28, nesi aliyenipima mapigo ya mtoto aliniuliza, "Mama, unalalaje?" Nikamjibu kwa fahari kwamba nalalia kushoto peke yake. Akatikisa kichwa. "Lalia ubavu, mama. Wowote utakaokupumzisha. Ninachokukataza ni kulala chali." Nilimwomba arudie.

Nilirudi nyumbani nikasoma mpaka nikaelewa kwa nini. Nyuma ya tumbo, kando ya uti wa mgongo, kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo kutoka miguuni na nyongani. Mimba ikishakuwa kubwa, ukilala chali, uzito wote wa mtoto, maji na kondo la nyuma unaukandamiza mshipa ule. Damu inayorudi kwenye moyo inapungua, na inayofika kwa mtoto nayo inapungua. Ndiyo maana baadhi yetu tukilala chali tunapata kizunguzungu, jasho jembamba na moyo kwenda mbio. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliounganisha data za tafiti tano za New Zealand, Australia, Uingereza na Marekani. Ulionyesha kwamba kuanzia wiki ya 28, wanawake walioanza usingizi wakiwa chali walikuwa na uwezekano wa mara 2.6 hivi zaidi wa kujifungua mtoto aliyefia tumboni, wakilinganishwa na waliolalia kushoto. Na waliolalia kulia? Hapakuonekana tofauti na wa kushoto. Sentensi hiyo niliisoma nikakumbuka machozi yote yale.

Mara 2.6 inatisha ukiisoma peke yake, kwa hiyo niongeze kwamba tukio lenyewe ni la nadra, na wengi waliolala chali walijifungua salama. Tena kinachoangaliwa hasa ni ule mkao unaoanzia usingizi, kwa sababu ndio tunaokaa nao muda mrefu zaidi. Nesi aliniambia nikiamka usiku nikajikuta chali nisipate hofu, nigeuke tu ubavu na kuendelea kulala. Na usingizi wa mchana ni usingizi pia. Hata ukijinyoosha nusu saa baada ya chakula, nyoosha ubavu.

Sasa shida yangu: mimi kwa asili ni mlala chali. Nalala ubavu vizuri, baada ya saa moja nimeshapinduka. Nilihitaji kitu cha kunizuia mgongoni. Hapo ndipo nikaagiza mto wa U.

Ulikuja na basi, nikaufuata stendi, umebanwa kwenye mfuko wa nailoni mpaka umekuwa kama furushi la blanketi. Ukiufungua unafura. Nitasema haki yake: usiku wa kwanza nililala kama sijawahi kulala tangu mimba ianze. Mkono mmoja wa U unakuja mbele, unaukumbatia na kuupitisha kati ya magoti. Mkono mwingine unakuwa mgongoni kama ukuta. Ukigeukia upande wa pili huhamishi chochote, kwa sababu mto uko pande zote mbili. Kwa mtu mwenye nyonga zinazouma, kugeuka bila kupanga upya mito mitano ni neema kubwa.

Lakini hapa ni Moshi, na ilikuwa Januari. Anayeujua mji huu anajua Januari na Februari zilivyo, hasa huku kwetu chini, mbali na ubaridi wa mlimani. Mto umejazwa nyuzi za poliesta na foronya yake nayo ni poliesta, na umekuzunguka kuanzia kichwani hadi miguuni. Umeme ukikatika na feni ikasimama, ni kama umevikwa koti zito. Nilikuwa naamka shingo na mgongo vimelowa. Halafu usiku nakojoa mara nne, na kila mara nijitoe kwenye mto, ninyanyue chandarua, nirudi, nijipange upya.

Na hicho chandarua ndicho kilichoniudhi zaidi. Kitanda chetu ni tano kwa sita. Mto ule ukiwa katikati, mume wangu anabaki na ukingo, na mimi nasukumwa hadi mkono au goti linagusa neti. Mbu anakuuma kupitia neti ukiwa umeigusa. Malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mto wowote unaonilazimisha nilale nimeegemea chandarua, kwangu umefeli, hata uwe laini vipi.

Kasoro nyingine ni kwamba kwenye maelezo ya muuzaji foronya ilikuwa ya kuvua. Niliyoletewa haina zipu. Kuufua ni kuloweka mto mzima, na ulichukua siku mbili kukauka kwenye kamba. Nilimwandikia muuzaji akanyamaza. Hilo ningelimsamehe. Lile lingine siwezi: kwenye matangazo yake aliandika kwamba mto huo "unamkinga mtoto" na kwamba bila huo mama atalala vibaya amdhuru. Kumwuzia mama mjamzito hofu ni kosa. Mto unakusaidia kukaa ubavu, basi. Blanketi lililokunjwa vizuri mgongoni linaifanya kazi hiyohiyo, na mama asiye na elfu themanini na tano hajamkosea mwanawe kitu.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu, aliyeshuka kutoka Kibosho kutuletea ndizi na maziwa. Alinikuta asubuhi nimekaa sebuleni macho mekundu. Akaingia chumbani, akaubonyeza ule mto, akasema, "Mwanangu, hiki ni kitu cha mahali pa baridi. Kashonewe mto mrefu wa sufi, uweke mgongoni." Siku ya Jumamosi tukaenda naye Mbuyuni.

Sufi tulinunua kilo mbili kwa 18,000. Kitambaa ni kile kizito cha pamba wanachovishia magodoro, 9,000. Fundi akachukua 7,000 pamoja na zipu. Nilimwelekeza, "Fundi, nataka mviringo mrefu, unene kama wa gogo la mgomba mchanga." Akacheka, akaelewa palepale. Alinishauri jambo ambalo nisingelijua: sufi ina vumbi na vinyuzi vyembamba vinavyopenya kitambaa chepesi, vikakuletea kikohozi. Akashona mfuko wa ndani uliofungwa kabisa, na foronya ya nje ya kuvua. Nawaomba msikubali kushonewa wa tabaka moja, hasa mwenye pumu au mwenye kifua chepesi.

Usiku ule tofauti niliisikia kwenye ngozi. Sufi haishiki joto kama poliesta. Mgongo ulibaki mkavu. Ni ngumu kidogo, na ugumu huo ndio niliokuwa nautaka, kwa sababu ule mto laini nilikuwa naulalia mpaka unabonyea na ninajikuta nusu chali. Wa sufi haubonyei hovyo. Ukigeuka unakutana nao, unakurudisha. Na kwa kuwa ni mwembamba, chandarua kimechomekwa vizuri pande zote na mume wangu amerudishiwa sehemu yake.

Upungufu wake nao upo. Ukigeukia upande mwingine lazima uuburute uuhamishie nyuma yako, na kwa tumbo la wiki 37 hiyo ni kazi. Mimi namgusa mume wangu bega, anauhamisha akiwa nusu usingizini. Anayelala peke yake ashone miwili. Pia sufi inashikana mabonge. Kila wiki nauanika juani asubuhi na kuupigapiga, ukirudi ndani umefura tena. Wiki ya mvua nilishindwa kuuanika, ukawa mgumu kama ubao.

Kitu kidogo kilichonisaidia kuliko nilivyotegemea ni kipande cha sponji chenye umbo la kabari. Wauza magodoro wana mabaki ya sponji. Nilikatiwa kwa 3,000, upande mmoja inchi nne, upande mwingine unaisha kabisa. Nakiingiza chini ya tumbo nikiwa ubavu. Tumbo likikosa egemeo linavuta mgongo wa chini usiku mzima, na hujui chanzo cha maumivu mpaka siku utakapoliegemeza. Ukinunua kitu kimoja tu, nunua hicho.

Kati ya magoti natumia mto wa kawaida, lakini nimejifunza kuulaza kwa urefu, ufike hadi kwenye kifundo cha mguu. Ukiubana magotini tu, mguu wa juu unaning'inia kuanzia goti kwenda chini na nyonga inapinda. Siku niliyorekebisha hilo, asubuhi nilishuka kitandani bila kushika ukuta. Kiungulia nacho kimepungua tangu tuinue kichwani kwa kitanda kwa vipande vya mbao vya inchi sita, vilivyochongwa vishimo ili miguu ya kitanda isiteleze. Kikizidi, hapo ndipo nachagua kushoto kwa makusudi, kwa sababu kwa kiungulia kushoto ni bora kweli: tumbo la chakula linakaa chini ya koo na ile asidi haipandi kirahisi.

Mto wa U sikuutupa. Nilimpelekea wifi yangu Arusha, ana wiki ya 30, anaishi Njiro. Arusha iko juu ya Moshi kwa mita kama 500, na usiku kule watu wanajifunika. Amenipigia mara mbili kunishukuru; kwake joto la mto ni faida, na kitanda chao ni sita kwa sita. Basi kwa aliye Arusha, au huku Marangu na Machame juu, na mwenye kitanda kipana, mto ule ni mzuri na nampa ruhusa ya kununua, ila ahakikishe kwa macho kwamba foronya ina zipu. Kwa aliye Moshi mjini, Pasua au Majengo, katika miezi ya joto, nasema hapana.

Jambo moja nje ya mito. Mwezi uliopita kuna siku mtoto alipunguza kucheza, na mawazo ya kwanza yaliyonijia ni kwamba labda nimelala vibaya. Nilijilaza ubavu nikasikilizia, bado nikaona si kawaida yake, nikaenda hospitali jioni ileile. Walimpima, yuko salama. Nesi alinishukuru kwa kwenda. Mtoto akipunguza kucheza usianze kupanga mito wala kusubiri asubuhi, nenda siku hiyohiyo.

Kwa mtakaokwenda kwa fundi: lala ubavu, mtu apime kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, ongeza inchi sita. Wangu ulitoka futi tano na inchi mbili, na zipu iwekwe kwenye ncha, isikae ubavuni inakochoma mgongo.