Matairi ya Baiskeli kwa Njia za Mizabibu ya Ufaransa: Ubavu Kwanza, Kashata Baadaye

Kila kiangazi kinapokwisha napokea malalamiko yaleyale kutoka kwa wasomaji wanaoishi Ulaya na kwenda Ufaransa kuendesha baiskeli kwenye njia tulivu za changarawe zinazopita katikati ya mashamba ya mizabibu. Mtu amenunua matairi mawili ya bei kubwa, amechagua kashata (yale meno ya mpira yanayogusa ardhi) kwa uangalifu, kisha tairi la nyuma limechanika ubavuni katikati ya mashamba, Jumapili mchana, mbali na fundi yeyote. Muuzaji alimweleza habari za uzito, kasi na kashata, lakini kuhusu ubavu hakutamka neno. Mwongozo huu unahusu ubavu huo, yaani ukuta wa pembeni wa tairi.

Sitapoteza nafasi kwa uzito, rangi au majedwali ya kasi, kwa sababu hayo yanasemwa kila mahali. Kuhusu ukubwa nitasema jambo moja tu: tafuta namba 40-622 au zaidi iliyoandikwa ubavuni, yaani upana wa milimita 40 kwa rimu ya 700C (kipenyo cha milimita 622), mradi uma na fremu viache nafasi ya kutosha kwa tope kupita.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Kuzunguka Vouvray na Amboise katika bonde la Loire, na tena upande wa mashariki karibu na Sancerre na Pouilly, udongo wa mashamba mengi umejaa gumegume, jiwe ambalo likipasuka huacha makali kama ya kisu. Matrekta hulivunja na kulirudisha njiani kila mwaka. Mashindano ya baiskeli ya Paris–Tours yalipoingizwa katika njia hizo za mizabibu mwaka 2018, waendeshaji wa kulipwa wenye magari ya msaada na magurudumu ya akiba walipata pancha nyingi kiasi cha kuzua mjadala mkubwa kama njia zile zilistahili kuwamo. Søren Kragh Andersen wa Denmark alishinda siku hiyo, lakini waliobaki kando ya njia wakisubiri gurudumu walikuwa wengi. Ikiwa hali ilikuwa hiyo kwao, msafiri wa kawaida mwenye pampu ndogo na mikoba miwili nyuma ana sababu zaidi ya kujihadhari.

Burgundy, eneo jingine la mizabibu, ni tofauti. Njia ya Voie des Vignes, kutoka Beaune kupitia Pommard, Volnay na Meursault hadi Santenay, ina sehemu nyingi zilizosakafiwa, na mawe yake ni ya chokaa ambayo hayakati vibaya hivyo. Anayekwenda huko tu anaweza kununua karibu tairi lolote zuri. Lakini akipanda kidogo kuelekea vilima vya Hautes-Côtes atakuta njia za mashambani zenye mifereji ya matairi ya trekta, na kwenye kingo za mifereji hiyo ndiko mawe yenye ncha hujipanga. Gurudumu likiteleza ndani ya mfereji, kashata hazigusi jiwe kabisa. Kinachosugua ukingo ni ubavu.

Tairi la milimita 40 lisilo na tyubu, kwa mtu wa kilo 70 hivi, hujazwa upepo wa baa 2 hadi 2.5 tu ili lishike changarawe vizuri. Kwa upepo huo mdogo tairi hutanuka kila linapokanyaga, na ubavu hujitokeza nje. Tundu kwenye kashata huzibwa na utomvu (maji mazito ya kuzibia) uliomo ndani, kwa kuwa mpira wa hapo ni mnene na hautikisiki sana. Mkato wa ubavuni ni habari nyingine. Utaona ufa usiozidi urefu wa ukucha, kidole kimoja juu ya rimu, na utomvu mweupe ukitoka kwa povu kila gurudumu linapozunguka. Ufa unazibika kwa sekunde chache, kisha ubavu unajikunja na ufa unafunguka upya. Kijiti cha mpira cha kuzibia nacho hakishiki, maana ukuta wenyewe ni mwembamba. Linalobaki ni kutoa vali, kuweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, kutia tyubu, na kurudi polepole.

Kuna adui mwingine ambaye wauzaji wa mijini hawamjui: vibanio vidogo vinavyotumiwa kubana pamoja nyaya za mizabibu. Vingine ni vya chuma, na vingi huanguka njiani. Hivyo hutoboa kashata na ubavu bila kubagua, lakini kwenye ubavu ulioimarishwa mara nyingi huishia kukwama bila kupenya.

Kwa kipimo hicho cha uimara wa ubavu, tairi ninaloliweka la kwanza ni Hutchinson Touareg, na sifichi kwamba ninaipenda kampuni hii. Asili yake ni mwaka 1853, na makao yake ya matairi yako Châlette-sur-Loing, kando ya Montargis, mahali ambapo anayetoka Paris kwa baiskeli kwa kufuata mifereji ya maji kuelekea Loire na Sancerre hupita. Mwaka 1999 ilikuwa pamoja na Mavic na Michelin katika kuleta mfumo wa UST wa matairi ya baiskeli yasiyo na tyubu, kwa hiyo jambo hili halikuanza kwake jana. Touareg ina kitambaa cha kinga kinachotoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili, si chini ya kashata tu, na hilo ndilo ninalolitaka. Kashata zake ni ndogo na zimesongamana katikati, kisha zinakuwa kubwa pembeni, hivyo kwenye lami haichoshi na kwenye kona ya mchanga haitelezi ovyo. Inapatikana kwa milimita 40, 45 na 50. Mwenye mizigo achukue 45. Ni nzito kidogo kuliko wapinzani wake, na uzito huo ndio kinga unayoilipia.

La pili ni Michelin Power Gravel, nalo lina kinga ya kutoka ukingo hadi ukingo. Kashata zake fupi zinakwenda vizuri mno kwenye ardhi kavu, na kwa safari ya Julai katika bonde la Loire sioni cha kulaumu. Nimeliweka nyuma ya Touareg kwa sababu ya tope: mvua ikinyesha wakati wa mavuno ya Septemba, udongo wa mfinyanzi hujaa katikati ya kashata hizo ndogo na tairi hubaki laini kama halina kashata.

La tatu ni Panaracer GravelKing SK la Kijapani, kwa sharti moja zito: liwe lile lenye kinga kamili. Jina GravelKing SK hubeba miundo zaidi ya mmoja, mwepesi na ulioimarishwa, na kwa macho inafanana sana. Hali ni hiyohiyo kwa Schwalbe G-One Bite, ninaloliweka la nne, ambalo huuzwa katika madaraja tofauti chini ya jina lilelile. Soma maandishi madogo ubavuni na kwenye boksi, neno kwa neno, kabla ya kulipa. Continental Terra Speed ni jepesi na lina kasi. Nalipendekeza kwa Voie des Vignes na njia nyingine laini, na silipendekezi kwa gumegume.

Matairi ya bei rahisi yenye waya mgumu ukingoni yanaweza kumfaa anayezunguka kijiji kimoja na kurudi hotelini. Kwa safari ya siku nzima siyapendekezi.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, kwa sababu jambo hili linanikera kwa dhati. Tairi moja zuri linaweza kupita yuro 50, na mawili pamoja na utomvu na vali ni fedha ambayo familia nyingi zingeifanyia mambo mengi. Kwa bei hiyo mnunuzi anastahili kuambiwa ukuta wa tairi umejengwaje. Badala yake, maelezo ya maduka mengi ya mtandaoni yanataja gramu hadi ya mwisho na kunyamaza kuhusu ubavu. Msomaji mmoja aliagiza muundo ulioimarishwa akaletewa mwepesi. Alipolalamika akajibiwa kwamba ni tairi lilelile. Si tairi lilelile. Wengine wanashawishiwa kununua ubavu wa rangi ya kahawia kwa kuwa unapendeza kwenye picha, wakati rangi haisemi lolote kuhusu nguvu.

Ukiwa dukani, likunjue tairi, ubane ubavu kati ya kidole gumba na cha shahada, na ulinganishe na tairi jingine la rafu hiyohiyo. Tofauti ya unene huhisiwa mara moja. Ukinunua kwa mtandao ndani ya Umoja wa Ulaya, sheria inakupa siku 14 za kubadili nia na kurudisha bidhaa. Kwa hiyo kagua maandishi ya ubavuni siku ileile kifurushi kinapofika, kabla hujalivalisha kwenye rimu, kwa maana tairi lililokwisha kutiwa utomvu halirudishiki kirahisi.