Fimbo ya miguu minne baada ya kiharusi: uzoefu wangu Kisumu

Nyota 4 kati ya 5 ndani ya nyumba yenye sakafu ya saruji. Nje, kwenye barabara zetu, naipa 2. Na anayeinunua akitumaini itamrudishia mgonjwa usawa wa mwili atavunjika moyo, kwa sababu usawa hurudi kupitia mguu uliolegea. Fimbo kazi yake ni kumshika asianguke wakati mguu huo unajifunza upya.

Maduka ya vifaa vya hospitali mjini Kisumu huwa na aina mbili: yenye kitako kipana na yenye kitako kidogo (kitako ni ile sehemu ya chini yenye miguu minne). Chukua yenye kitako kidogo, isipokuwa mgonjwa bado anayumba hata akiwa amesimama tu. Kitako kipana hakikai vizuri kwenye ngazi, hugonga fremu za milango, na kwenye sakafu ya tuktuk hakipati pa kutua. Kabla hujalipa, isimamishe juu ya kigae kilichonyooka uibonyeze kwa kiganja. Ikicheza hata kidogo, mguu mmoja umepinda. Rudisha.

Wauzaji wengi hukadiria urefu kwa macho, na hapo ndipo mambo huharibika. Mgonjwa asimame akiwa na viatu vya kila siku, mikono ikining'inia. Mshikio ufike usawa wa kifundo cha mkono, na akiushika kiwiko kikunjike nyuzi 15 hadi 30. Kati ya matundu ya kurekebishia urefu, moja hadi jingine ni kama sentimita 2.5, kwa hiyo kukosea tundu moja kunaonekana. Ikiwa ndefu mno, bega hupanda na mkono hauna nguvu ya kusukuma. Ikiwa fupi, mwili wote huinamia fimbo na mguu mdhaifu hubaki bila mzigo.

Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wenye nguvu. Kuna familia nyingi zinazoiweka upande uliopooza zikidhani ndio unaohitaji msaada. Kitako nacho kina upande wake: miguu inayochomoza zaidi itazame nje, ile iliyo wima ikae karibu na mwili, la sivyo atajikwaa juu yake. Ukiikuta imewekewa mkono wa kulia na wewe unahitaji wa kushoto, bonyeza kitufe uzungushe kitako.

Kutembea: fimbo kwanza, mbele kwa hatua fupi na kando ya kidole kidogo kwa sentimita 15 hivi, kisha mguu mdhaifu, kisha mguu mzima. Miguu yote minne itue ndipo aegemee. Akiitupa mbali mno, fimbo inaweza kupinduka naye. Kwenye ngazi mguu mzima hupanda kwanza, na wakati wa kushuka fimbo na mguu mdhaifu hutangulia. Msaidizi asimame upande uliolegea, nyuma kidogo, mkono kwenye mshipi wa kiunoni. Leso iliyokunjwa na kufungwa imara juu ya nguo inatosha. Mkono uliopooza usivutwe kamwe: misuli inayoshikilia bega imelegea, na bega hilo huchomoka kirahisi na kuleta maumivu ya miezi.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokiamini kuliko maneno ya mtu yeyote: mizani mbili za kupimia uzito, zile za mshale. Za dijitali hazifai sana kwa sababu nyingi hufunga namba moja na kuacha kufuata mwili. Ziweke sambamba kwenye sakafu ngumu, pembeni mwa chumba, ili mgonjwa awe na ukuta nyuma na meza mbele yake. Kila mguu juu ya mizani yake. Kwa kuwa mizani inamwinua, pandisha fimbo tundu moja au mawili, au iweke juu ya ubao wa unene uleule. Badilisha pia mizani upande kwa upande mara moja, ujue kama zinasoma sawa.

Tuseme ana kilo 70. Mguu mzima unasoma 41, mdhaifu 20. Jumla ni 61. Zile kilo 9 zilizopungua ziko mkononi mwake, juu ya fimbo. Hakuna jicho linaloweza kuona hilo.

Zoezi lenyewe: nyayo zisiondoke, asogeze nyonga kuelekea upande mdhaifu hadi mshale wa mguu huo ufike kilo 25, ahesabu tano, arudi. Mara 10, apumzike, mizunguko 3. Udanganyifu wa kawaida ni kuinamisha bega huku nyonga ikibaki palepale, mshale utamsuta. Mwingine ni goti kusukumwa nyuma likajifunga. Hilo likitokea, punguza mzigo na mwambie alikunje kidogo tu. Akizoea, aiweke fimbo kando, na mkono wake mzima uelee juu ya meza bila kuegemea. Baadaye afikie kikombe kilichowekwa upande mdhaifu. Baadaye tena, ashuke kwenye mizani na kupandisha mguu mzima juu ya ubao wa sentimita 10, na hapo mguu uliolegea hauna pa kujificha.

Kilo za kwenye fimbo zikishuka hadi 3 au chini kwa siku kadhaa, mimi huanza kujaribu fimbo ya kawaida ya mguu mmoja, ndani ya nyumba kwanza. Lakini hicho ni kipimo cha kusimama. Cha kutembea ni hiki: ainuke kitini, aende meta 3, ageuke, arudi, aketi, huku simu ikihesabu sekunde. Kiti kilekile, viatu vilevile, mara moja kwa wiki. Tazama zaidi pale anapogeuka. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa kuzungusha mwili kabla ya miguu.

Pima presha kabla ya zoezi. Ikiwa juu ya 180/110 siku hiyo hatuanzi. Akiketi kitandani kutoka kulala, asubiri dakika mbili au tatu kabla ya kusimama. Uso ukipinda, maneno yakivurugika au udhaifu mpya ukitokea, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa nini nyota 2 nje? Miguu minne inataka ardhi tambarare. Kwenye changarawe mitatu hugusa na wa nne huelea, fimbo inanesa. Kwenye udongo mweusi wa Nyalenda au uwanda wa Kano baada ya mvua, hudidimia, na ile nguvu ya kuichomoa ndiyo humyumbisha mgonjwa. Huko msaidizi ni muhimu kuliko fimbo yoyote.

Mipira ya miguu ya fimbo huisha upande mmoja kwanza. Ikaguliwe kila mwezi, na ukibadilisha mmoja badilisha yote minne, vinginevyo fimbo itaanza kucheza kama ile uliyoikataa dukani.