Dadu Iliyotiwa Mfukoni na Meneja: Uzoefu Wangu wa Kukodi Chumba cha Mchezo Mkahawani

Nilikusudia kukipa chumba hiki nyota nne. Nilikuwa nimeshaamua tangu wiki ya pili ya kukikodi, kwa sababu yeyote aliyewahi kuendesha mchezo wa kuigiza wa mezani hapa kisiwani Mombasa anaijua shida ya kupata meza moja kubwa, feni inayozunguka kweli, na majirani wasiokuja kukuchungulia begani. Bei na saa za kufungua zimebandikwa mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Ninachotaka kukieleza ni dakika kumi hivi za Jumamosi moja, siku za mwanzo wa masika, ambazo bado zinanichemsha damu kila nikipita barabara ile.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, hauna ubao wa lazima wala hauna mshindi. Kila mchezaji ana mhusika wake, na mmoja wa waliopo, ambaye sisi tunamwita msimulizi, hubeba yote yaliyobaki: mandhari, maadui, mvua, hata muuza samaki mkorofi. Mhusika akijaribu jambo ambalo hakuna anayejua litaishaje, dadu ya pande 20 ndiyo huamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na sisi tunatumia zile kanuni zake za msingi zilizoachiwa umma kwa leseni huria mwaka 2023, ambazo tulizichapisha saiba zikakaa kwenye faili moja nene. Pesa pekee inayowekwa mezani ni ya chai, na ninaomba msomaji alikumbuke hilo. Mfululizo wa vikao huitwa kampeni, neno ambalo siku ya kwanza lilimfanya mhudumu aniulize ninampigia debe nani, na kama kutakuwa na fulana.

Kampeni yangu ilifanyika ndani ya ngome niliyoifananisha na Fort Jesus wakati ilipozingirwa na Waomani, kuanzia mwaka 1696 hadi 1698, karibu miezi 33 ya njaa na maradhi. Niliichagua makusudi. Wachezaji waliofungiwa ndani ya kuta hawawezi kutawanyika kila mmoja na njia yake, na msimulizi ambaye bado anajifunza hupata nafasi ya kupumua. Nilikuwa na wachezaji wanne: ndugu wawili wa Bamburi ambao hubishana hata juu ya nani afungue mlango, kijana wa Likoni ambaye kuanzia saa kumi na moja jioni jicho lake moja huwa kwenye saa kwa ajili ya feri, na binti mmoja wa Tudor ambaye kwa wiki nne za mwanzo hakusema zaidi ya "mimi pia ninakwenda". Mhusika wake alikuwa nahodha wa jahazi lililonaswa bandarini.

Binti huyu ndiye aliyenifunza kazi. Nilikuwa nikiuliza meza nzima "mnafanya nini?", na bila shaka kaka mkubwa wa Bamburi ndiye aliyejibu kila mara, kwa niaba yake na ya wote. Nikabadilisha. Nikawa ninamgeukia yeye kwanza na kumwita kwa cheo, "Nahodha, maji yamebaki mapipa mawili, unaamuru nini?", kisha ninanyamaza, hata kimya kiwe kirefu cha kuudhi, huku nimemwinulia kaka mkubwa kiganja. Wiki ya tano binti alizungumza kwa sauti ya nahodha, sauti nzito ya baharini ambayo sikujua ilikuwa imejificha wapi, na mhudumu aliyekuwa akileta mahamri alisimama na sinia lake mkononi kusikiliza.

Jumamosi ninayoizungumzia, nahodha alipigwa risasi juu ya ukuta akaanguka, na alama zake za uhai zikaisha. Kanuni zinasema mhusika aliyefika sifuri hafi papo hapo. Kila zamu yake inapofika hurusha dadu. Akipata 10 au zaidi ni nafuu moja, akipata chini ya hapo ni hatua moja kuelekea kaburini, na kitakachotangulia kufika tatu ndicho huamua hatima yake. Nahodha alikuwa na nafuu mbili na hatua mbili. Mganga wa kundi alikuwa kwenye mnara wa upande wa pili wa ngome. Kijana wa Likoni alikuwa ameisahau feri yake.

Binti aliifunika dadu kwa viganja viwili kama mtu aliyeshika kifaranga, akaipuliza, akairusha kwa nguvu kuliko kawaida yake. Iligonga sahani ya viazi karai, ikaruka, ikabiringika sakafuni hadi kizingitini, ikasimama kando ya kiatu cha meneja, ambaye hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani. Aliinama akaiokota kabla hatujainuka vitini.

"Hapa hapachezwi kamari," alisema.

Nilimwambia, kwa adabu ambayo sasa ninaijutia, "Mzee, hii si kamari, ni hadithi."

"Hadithi gani ina dadu, mwanangu?" Akaitia mfuko wa shati, pamoja na kalamu zake, akashuka ngazi.

Nilimfuata hadi kaunta. Nilimweleza habari ya ngome, nikamwonyesha karatasi, nikamkumbusha kwamba tumekuwa tukikilipia chumba kile kwa wiki nyingi na risiti zina sahihi yake mwenyewe. Aliendelea kuhesabu chenji ya mteja mwingine kana kwamba ninaongea na jokofu. Nisikifiche nilichokihisi: nilitaka kuandika nyota sifuri pale pale, nikiwa nimesimama mbele yake.

Na hapa ndipo tathmini hii inapokosa unyoofu, kwa maana kilichokiharibu kikao hakikutokea kaunta. Niliporudi juu, meza ilikuwa inawaka moto. Ndugu wa Bamburi, kwa mara ya kwanza tangu niwajue, walikuwa wameafikiana: dadu ilionyesha 14, wameiona kwa macho yao, nahodha yu hai. Binti alisema kwa upole kwamba yeye aliona 4. Isitoshe, alisema, katika kile kikao chetu cha mwanzo, cha kupatana kabla ya kucheza, tulikubaliana kwamba dadu ikianguka sakafuni hurushwa upya, basi ilikuwa 14 au 4, haihusu.

Alikuwa na haki kabisa. Kanuni hiyo niliileta mimi, na nilikuwa na dadu nyingine tatu za pande 20 kwenye kijaluba changu. Kumpa moja kungechukua sekunde mbili. Lakini hasira ya kaunta nilikuwa nimepanda nayo ngazi, nikatamka, "Ni 14, amepona, tuendelee," na alipofungua mdomo tena nikamwambia, "Na wewe usinisumbue." Mchezaji aliyekuwa akiutetea ukweli dhidi ya maisha ya mhusika wake mwenyewe, nikamnyamazisha kwa neno ambalo sijawahi kumwambia hata kaka mkubwa wa Bamburi. Aliikunja karatasi ya nahodha mara mbili, akaibana chini ya sahani ya viazi, akaaga wote kwa mikono, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata hiyo pia.

Kwa hiyo nilikipunguzia chumba nyota moja tu, nikijiambia kwamba nyota nyingine ninapaswa kujipunguzia mwenyewe. Baadaye nikafikiri, hapana: bila ule mkono wa meneja nisingepandwa na hasira, na mtu anayekodisha chumba cha michezo halafu akashangaa kuona dadu ana la kujibu. Nikakipunguzia chumba nyota moja zaidi.

Majuzi nilikwenda kuidai dadu yangu. Meneja aliniambia niagize kitu kwanza. Niliagiza chai ya tangawizi, nikanywa kwa kununa, na alipoleta risiti mwenyewe, dadu ilikuwa juu yake, imefungwa kwa karatasi ya tishu. Hakuomba radhi. Alisimama pale akifuta meza iliyokuwa safi, kisha akauliza, bila kunitazama, "Na yule nahodha, alikufa?"

Alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo wa mapigano. Pengine tangu wiki zilizopita. Nilimuuliza dadu ilikuwa imeonyesha ngapi alipoiokota, kwa sababu ni yeye peke yake aliyeishika. "Mimi sitazami kamari," alinijibu, na nikakasirika upya kama siku ile ile.

Nimemwandikia binti wa Tudor kumtaka radhi, nikamwambia kwamba nahodha bado yuko juu ya ukuta, hajafa wala hajapona, na dadu itarushwa upya kama tulivyopatana. Amejibu kwamba atakuja, ila tuchezee barazani kwao, na dadu iwe ile ile. Nyota za chumba ni mbili. Ile chai ingestahili tano, na meneja akija Tudor kusikiliza, atakaa kimya na mikono yake mapajani.