Umeme rahisi, geti ghali: kuchaji Leaf katikati ya Arusha

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kwenye maegesho ya jengo la biashara ninakochajia gari langu la umeme, mitaa michache kutoka Mnara wa Saa, uniti moja, yaani kilowati-saa moja, ni shilingi 800. TANESCO kwa matumizi ya kawaida, ukijumlisha kodi na tozo zake, uniti inakuja kama shilingi 356. Kwa hiyo mwenye kituo anauza zaidi ya mara mbili ya bei ya LUKU, na kwa hilo sina ugomvi naye. Kaleta mashine, kavuta laini, ana mlinzi wa kumlipa. Ugomvi wangu uko kwenye tiketi ya geti: shilingi 1,000 kwa saa, uwe unachaji, uwe umepaki tu ukaenda kunywa chai.

Gari langu ni Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 30, ilitumika Japani kabla ya kuja kwetu, na chaja yake ya ndani inapokea kilowati 3.3 tu. Mashine ya ukutani inaweza kutoa 7.4, lakini gari ndilo linaloamua linapokea kiasi gani, na langu linanywa polepole. Nikikaa saa mbili, mita inasoma uniti 6 na pointi. Hapo ni shilingi 5,000 na kidogo za umeme, jumlisha 2,000 za geti, na ninatoka na mwendo wa kama kilomita 40 kwa mizunguko ya mjini. Sasa chukua IST ya petroli ipige kilomita hizohizo 40: itakula lita tatu kasoro, na kwa bei ya mafuta iliyokuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 nilipopiga hesabu hii, mwenye IST katumia elfu nane na ushee. Mimi elfu saba. Yaani raha yote ya gari la umeme, kwa hesabu ya pale getini, ni pesa ya maandazi.

Mwenye gari jipya linalopokea kilowati 7 atakaa muda uleule na kuondoka na umeme mara mbili, kwa tiketi ileile. Ndiyo maana maoni yanagongana: mmoja anasifia kituo kwamba ni bei poa, mwingine anakiponda, na wote wanasema kweli. Ukitaka kujua kituo cha maegeshoni kinakufaa, kwanza uliza chaja ya ndani ya gari lako ni ya kilowati ngapi, halafu uliza geti wanatozaje. Bei ya uniti inakuja baadaye.

Mtaniuliza kwa nini nisichaji nyumbani. Nimepanga Moshono, nyumba ya wapangaji wanne, mita ya LUKU moja. Kila mwezi tunachangia sawa kwa sawa, na amani ya nyumba imejengwa juu ya mchango huo. Nilipoleta gari, mama mwenye nyumba alilizunguka, akagusa kifuniko cha plagi pale mbele, akasema, "Mwanangu, hili likianza kula, friji zetu zote zitaonekana zimefunga." Hakukataa, alitaka nifunge mita ndogo yangu kwanza na fundi aangalie nyaya, maana nyumba ni ya zamani na sakiti breka ya jikoni inaruka hata kwa pasi na jagi la umeme. Nikaona ana haki. Mpaka mita hiyo ifungwe, mimi ni mteja wa maegesho.

Mashine yenyewe, ukweli usemwe, ni nzuri. Haina waya wake, ina tundu la Type 2, unakuja na kebo yako. Leaf hizi za Japani zina tundu la Type 1, kwa hiyo kebo unayotafuta ni ile yenye Type 2 upande wa ukutani na Type 1 upande wa gari. Ukinunua gari, hakikisha unaipata, maana kinachokuja na gari kutoka bandarini mara nyingi ni kile kichaja cha kuchomeka ukutani, tena chenye plagi ya Kijapani ya volti 100 au 200, ambacho hapa ni kazi nyingine kabisa kwa fundi. Kebo ikishaingia vizuri unasikia "tak" kutoka ndani ya boksi, taa inageuka kijani, na taa za bluu juu ya dashibodi zinaanza kupepesa. Usipoisikia hiyo tak usiondoke.

Malipo ni kwa simu. Unaskani picha ya kwenye boksi, unachagua kiasi, unalipa kwa M-Pesa au Airtel Money. Yanafanya kazi. Tatizo ni mtandao pale chini ya jengo, unasimama mpaka karibu na ngazi ndipo ujumbe wa kuthibitisha uingie, halafu unarudi mbio kwenye gari kabla mashine haijachoka kukusubiri.

Lakini kasheshe kubwa ni nafasi. Ziko sehemu mbili tu za kuchajia, zimepakwa rangi ya kijani chini, zina mchoro wa plagi mkubwa kabisa ambao hata mtoto wa chekechea angeuelewa, na ziko karibu na mlango wa lifti. Hilo la mwisho ndilo linaloziua. Mtu anaingia na Prado yake, anaona nafasi mbili tupu mbele ya lifti, anashukuru Mungu, anapaki. Mara nyingi si ubaya, hajui. Wengine wanajua.

Siku moja nimefika na asilimia chache, nakuta Prado nyeupe imelala kwenye nafasi zote mbili, imekata mshazari. Mlinzi, kijana wa Kimaasai ambaye tumezoeana, akaja akiwa na tochi yake mkononi mchana kweupe. "Yeyo, huyu ni mgeni wa bosi mwenyewe. Nimemwambia, akaniambia gari la umeme liko wapi?" Na kweli halikuwepo, mimi ndiyo kwanza nafika. Tukajaribu kuingiza pua ya Leaf kati ya nguzo na ubavu wa Prado, ikagoma. Leaf tundu lake liko puani, kwa hiyo lazima uingie kichwa mbele, na kebo yangu ni ya mita tano. Nikapaki nafasi ya jirani, tukavuta kebo juu ya boneti ya ile Prado, mlinzi akatandika kitambaa ili isikwaruze rangi. Ilifika, bila sentimita ya ziada. Mwenye Prado alipotoka akatukuta, akacheka sana, akapiga picha, akaondoka. Sijui ile picha aliituma wapi.

Tangu hapo mlinzi ana mfumo wake. Ndoo ya rangi iliyojazwa mchanga anaiweka katikati ya nafasi moja, na namba yangu anayo. Nikikaribia Sanawari nambip, anaijua hiyo bip. Uongozi wa jengo haujamwagiza hayo, na akibadilishwa zamu mfumo unakufa siku hiyohiyo. Nikija zamu ya mwenzake, mzee mmoja mpole sana, nakuta ndoo pembeni na Noah imejaa magunia imepaki. "Shikamoo mzee, hapa si pa kuchaji?" "Marahaba mama, anatoka sasa hivi." Sasa hivi ya Arusha mnaijua.

Niliwahi kumfuata msimamizi wa maegesho ofisini kwake na mapendekezo mawili. La kwanza, hizo nafasi zihamishiwe kule nyuma karibu na tangi la maji, ambako hakuna anayepagombania, wala laini ya umeme haiko mbali. La pili, anayechaji asamehewe geti, au apigwe muhuri kwenye tiketi kama wanavyofanyiwa wateja wa benki ya ghorofa ya kwanza. Alinisikiliza vizuri, tena alinipa na maji ya kunywa. Akasema mashine iliwekwa mbele ili ionekane. Hapo nikaelewa kwamba kwa mwenye jengo ile mashine ni bango kwanza, na kituo baadaye.

Kuhusu umeme kukatika. Mgao tuliouzoea umepungua sana tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuwaka mwaka 2024, ila kukatika kwa laini za mitaani bado kupo, hasa mvua za masika zikichanganya. Jengo lina genereta, lakini mashine ya kuchajia haikuunganishwa nayo, na sishangai, dizeli ile ingekula faida yote. Ninachokilalamikia ni kwamba umeme ukirudi, mashine haiendelei yenyewe. Inakaa na taa nyekundu ikikusubiri uanze upya kwenye simu, na hakuna ujumbe unaokuja kukwambia imesimama. Unatoka kwenye kikao chako saa nane ukijua umejaza, unakuta ilikatika saa sita na nusu. Geti halikukatika.

Kituo kingine ninachokijua kiko kwenye maegesho ya maduka nje kidogo ya katikati ya mji. Geti bure, nafasi nyingi, na mashine kubwa ya kuchaji haraka, ile ya umeme wa DC unaoingia kwenye betri bila kupitia chaja ya ndani ya gari. Ungedhani ndiyo peponi. Ina nyaya mbili nene: moja CCS2 ya mtindo wa Ulaya, nyingine GB/T ya magari ya Kichina. Leaf yangu kwa chaji ya haraka inatumia CHAdeMO, tundu la Kijapani, na waya huo haupo. Ziko adapta za kubadilisha, lakini bei yake ni ya kununulia bodaboda, kwa hiyo naipita ile mashine kubwa kama sijaiona, nachomeka kwenye boksi dogo la pembeni lenye mwendo uleule wa kobe. Dereva mmoja wa kupeleka wageni uwanja wa ndege wa KIA, mwenye gari la Kichina, huwa anafika baada yangu na kuondoka kabla yangu, na kila mara ananiuliza, "Dada, bado tu?"

Hili nalisema kwa wanaotaka kuagiza gari sasa hivi. Leaf za Japani ndizo rahisi kununua, lakini mashine za haraka zinazofungwa mjini hazifungwi kwa ajili yake. Magari ya Kichina nayo si yote yaliyo na GB/T, yale yaliyotengenezwa kwa soko la nje mengi yana CCS2. Fungua kifuniko utazame kwa macho yako kabla hujalipa. Na kwa Leaf tazama vile vijiti kumi na viwili vidogo vya afya ya betri upande wa kulia wa dashibodi. Yangu ilikuja na tisa. Betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, inapoa kwa hewa tu, kwa hiyo baridi ya Arusha ya Juni hadi Agosti inaifaa kuliko joto la Dar.

Mjini natosheka na vijiti tisa. Mtihani ni Moshi. Ni kama kilomita 80, na kwenda ni raha: Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko kwenye 800 na kitu, kwa hiyo kuanzia Tengeru na Usa River unateremka polepole, ukiachia mguu gari linajirudishia chaji. Vibao vya 50 na matuta kila kijiji vinavyowaudhi wenye V8 vinanifaa mimi, gari la umeme linapenda mwendo huo. Nafika Moshi na kama asilimia 40. Kurudi ndiyo habari nyingine, mlima wote ule unaulipa, na asilimia 40 haifiki hata Kikatiti. Kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja bila kuchaji, kwa gari langu, hakuna.

Moshi sijatumia mashine ya maegeshoni, nachaji kwenye hoteli ndogo ninayolala nikienda kuwaona wakwe. Nina kichaja cha plagi ya kawaida ya pini tatu, nimekiweka ampea 10, kinatoa kilowati 2 na kidogo, na usiku mzima kinatosha kujaza. Soketi iko nje ya chumba cha kufulia, chini ya kibaraza, mvua haifiki. Mara ya kwanza dada wa mapokezi alimpigia simu mwenye hoteli, mwenye hoteli akataka kuongea na mimi, akaniuliza linakula uniti ngapi mpaka lijae. Nikamwambia likiwa tupu kabisa, ishirini na kidogo. Kimya kidogo, anapiga hesabu ya Kichaga, akasema, "Lipa elfu kumi." Kwake imebaki faida isiyopungua elfu mbili bila kufunga mashine wala kupaka rangi chini, na kwangu ni nafuu kuliko mjini Arusha: hakuna geti, hakuna Prado, naamka gari limejaa.

Risiti nayo nilipewa ya EFD. Mfumo wao hauna kipengele cha kuchaji gari, kwa hiyo imeandikwa nguo za kufuliwa, kumi, kwa shilingi elfu moja moja. Mhasibu wetu kazini kaikubali.