Nilifunga balbu za LED kwenye Probox yangu, sasa nimerudi kwenye balbu za kawaida

Nina Toyota Probox ya 2006. Kila baada ya miezi miwili hivi naendesha kutoka Dar kwenda Iringa kumwona mama, na kwa ajili ya kazi huwa naondoka jioni, hivyo usiku hunikutia Mikumi. Anayeijua ile barabara anajua: lami inakatiza katikati ya hifadhi, tembo ana rangi ya giza lenyewe, na lori lililoharibika huweza kuwa limesimama bila taa hata moja ya nyuma. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, gari inakula mita 22 kila sekunde. Pale taa za fulu, zile za mwanga wa mbali, ndiyo macho yako.

Shida yangu ilianza kwa taa ya kushoto kufifia nikiweka fulu. Muuzaji wa spea akanishauri niachane na balbu za zamani, akanipa jozi ya LED za H4, aina ya balbu inayotumika kwenye gari yangu, kwa shilingi 60,000. Boksi limeandikwa lumeni 20,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Balbu ya kawaida ya H4, ile ya wati 60 za fulu na 55 za dimu (mwanga wa karibu), hutoa lumeni 1,650 hivi kwenye fulu. Nikapiga hesabu, nikalipa.

Nyumbani, nikiwa nimeegesha, zilipendeza kweli. Ukuta mzima mweupe! Nilipovuka Chalinze ndipo nilipoanza kuteseka. Niko kwenye dimu, madereva wa malori wananipiga fulu mfululizo, kila mara nashika mkono wa taa nikidhani nimesahau kupunguza. Nikiweka fulu, miti ya pembeni inang'aa hadi vileleni, lakini lami ya mbele, kule ninakotaka kuona, ni giza tupu. Kitaa cha buluu kwenye dashibodi nacho kiligoma kuwaka, nikawa najua niko fulu kwa kuangalia miti. Hata redio ilikuwa inakoroma taa zikiwashwa. Mlima Kitonga niliupanda nimejibanza nyuma ya basi, naona kwa taa zake.

Niliporudi nikaipeleka kwa fundi umeme mmoja mzee. Alikaa nayo asubuhi nzima, na nilivyojifunza pale ndivyo vilivyonifanya niandike.

H4 ya kawaida ina nyuzi mbili nyembamba ndani, ndizo zinazowaka. Uzi wa fulu umekaa mahali hasa ambapo kiakisi cha nyuma ya taa hukusanya mwanga na kuurusha mbali. Uzi wa dimu umetangulia mbele kidogo, na chini yake kuna kibakuli cha chuma kinachozuia mwanga usipande machoni mwa anayekuja. Kiakisi kimechongwa kwa ajili ya uzi ule mwembamba, mahali pale. LED zangu zilikuwa na vipande bapa vya mwanga kwenye pande mbili za chuma kinene, na kuachana kidogo tu na mahali pa uzi kunatosha kuumwaga mwanga ovyo. Mwanga ulikuwa mwingi, ila hauendi mbele.

Kitaa cha buluu kilikuwa na kisa chake. Kwenye gari yangu, kama kwenye Toyota nyingi za zamani, umeme wa chanya unafika kwenye balbu moja kwa moja, swichi inakata upande wa hasi, na kitaa kile kinapata umeme kupitia uzi wa dimu. LED haina uzi. Fundi alirudisha balbu ya zamani upande mmoja tu, kitaa kikawaka papo hapo.

"Sasa mwanangu, tutafute ugonjwa wenyewe," akasema, maana taa ya kushoto ilififia kabla ya LED. Injini ikiwaka, betri ilisoma volti 14.1. Soketi ya kulia 13.5. Ya kushoto 11.3. Plastiki yake ilikuwa imeungua, mguu mmoja umekuwa kahawia. Volti zikipungua sehemu moja ya kumi, balbu ya uzi hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Yaani balbu haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo, nami nilibadilisha kila kitu isipokuwa kilichoungua!

Soketi ya kauri, balbu mbili mpya za 60/55 na ufundi, jumla 48,000. Vioo vya taa vilikuwa vimepauka manjano, tukavisugua kwa msasa wa maji na kuving'arisha. Balbu nilizishika kwa kitambaa, kwa sababu mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo chake huunguza pale pale na kuipasua mapema.

Hizo LED nazipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa kula umeme kidogo. Siongelei gari zilizotoka kiwandani na LED, hizo taa yote imeundwa kwa ajili ya LED. Shemeji ana gari yenye taa za zenoni (balbu za gesi) na lenzi: ukiweka fulu unasikia "tak", ni kibao kidogo ndani kinachofunguka kuachia mwanga wa mbali. Kwake kitaa cha buluu kinawaka lakini upande mmoja haupigi "tak" na mwanga haupandi. Nimemwambia asinunue balbu, amwone fundi aangalie kile kibao na waya wake.

Wiki iliyopita nimepita tena Mikumi, saa tatu usiku. Twiga wawili walikuwa wamesimama ukingoni mwa lami. Nikawaona mapema, nikapunguza mwendo, nikashusha dimu, nikawasubiri wavuke.