D'Angelico au Stromberg?

Ukishavuka kampuni ya Gibson, magita ya jazi yaliyochongwa kwa mkono yanakufikisha kwa mafundi wawili: John D'Angelico wa New York na Elmer Stromberg wa Boston.

Stromberg alitengenezea bendi kubwa. Gita lake la Master 400 lina upana wa inchi 19, na ndani yale ya baadaye yana taruma moja tu (kijiti cha kuimarisha ubao wa mbele), lililopita kimshazari chini ya uso. Mlio wake hupenya tarumbeta na saksafoni bila umeme wowote. Mpiga gita Freddie Green alilitegemea Stromberg kwenye bendi ya jazi ya Count Basie.

Gita la D'Angelico linaimba zaidi. Aina yake ya New Yorker ina upana wa inchi 18, Excel 17, na kila noti hutoka nene na tamu. Alitengeneza magita zaidi ya 1,100 hadi alipofariki 1964, kwa hiyo kulipata si kazi ngumu kama Stromberg.

Mimi ningechukua Excel: linakaa vizuri kifuani na linafaa hata kwa kupiga peke yako. Ila kagua kwanza kinga ya seluloidi (plastiki ya zamani) iliyo kando ya nyuzi. Ikizeeka hupasuka na kumung'unyika, na mvuke wake hula dhahabu ya vyuma vilivyo karibu.